Sevu Ikikupotea: Niliyojifunza kwa Ana Ivanovic na kwa Mkono Wangu wa Kushoto

Wiki iliyopita, saa 4 usiku, mzazi mmoja alinipigia simu. Binti yake ana miaka 13, na huu ni mwaka wa tatu namfundisha tenisi. Siku hiyo alikuwa ametoka kwenye mashindano ya vijana, na katika mechi moja alikosa sevu zote mbili mara 11. Kwa asiyecheza: sevu ni mpigo wa kuanzisha pointi. Unapewa nafasi mbili, ukizikosa zote pointi inakwenda kwa mwenzako. Mara 11 ni karibu gemu tatu nzima ambazo mpinzani alizipata bila kutoa jasho (gemu moja ni pointi nne au zaidi, na gemu sita au zaidi hufanya seti).

"Kocha," baba akaniambia, "nimeongea na mwalimu mwingine, anasema anavyoshika raketi ni vibaya. Na kuna mtu ananiuzia raketi nyepesi zaidi. Unaonaje, tubadilishe vyote kwa pamoja au tuanze na kimoja?"

Nilimwomba asibadilishe kitu mpaka nimwandikie. Nimeandika, kisha nikaona niyaweke hapa na wazazi wengine wayasome. Jambo hili nimelipitia mwenyewe. Na kabla yangu alilipitia mbele ya dunia nzima mchezaji niliyempenda kuliko wote, Ana Ivanovic wa Serbia.

Ukitaja Serbia na tenisi siku hizi, watu wanaanza na Novak Djokovic na wanaishia hapo hapo. Ni haki yake. Lakini mwaka 2008 nchi ile ndogo ilishangaza watu kwa mikono mitatu. Januari Djokovic alitwaa Australian Open. Juni Ivanovic akatwaa French Open, mashindano ya Paris yanayoitwa pia Roland Garros, na kuwa namba 1 duniani. Agosti Jelena Jankovic naye akafika namba 1. Wote watatu walikuwa watoto shuleni mwaka 1999, ndege za NATO zilipokuwa zikipiga mabomu Yugoslavia.

Ana alizaliwa Belgrade tarehe 6 Novemba 1987. Akiwa na miaka mitano alimwona bingwa wa tenisi Monica Seles kwenye televisheni, akaona tangazo la shule ya tenisi, akaikariri namba ya simu na kuwaganda wazazi wake mpaka wakapiga. Wakati wa mabomu alifanya mazoezi asubuhi, kwa sababu mashambulizi yalikuja zaidi usiku. Majira ya baridi alicheza ndani ya bwawa la kuogelea. Gharama za kupasha maji joto zilikuwa zimewashinda wenyewe, basi bwawa likaachwa tupu, wakatandika zulia na kuchora mistari. Mistari ya pembeni ilikaribiana sana na kuta, kiasi kwamba mpira wa kukatisha uwanja kwa pembe kali haukuwezekana. Walipiga mipira iliyonyooka, siku baada ya siku. Ukiangalia mechi zake za baadaye utauona mpigo wake wa mkono wa kulia ukinyooka kandokando ya mstari kama umepimwa kwa kamba.

Alipofika miaka 15, mfanyabiashara wa Uswisi, Dan Holzmann, alikubali kumgharamia kwa makubaliano kwamba fedha zitarudi akianza kushinda. Zilirudi.

Tarehe 7 Juni 2008 ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa na miaka 17, naokota mipira kwenye klabu moja hapa Dar es Salaam, na jioni ile wanachama walikuwa wachache kwa hiyo tukaruhusiwa kukaa kantini kwenye televisheni. Ivanovic alimfunga Dinara Safina wa Urusi 6-4, 6-3. Kombe alikabidhiwa na Justine Henin, yule yule aliyemfunga 6-1, 6-2 kwenye fainali ya mwaka uliotangulia. Katika fainali ile ya kwanza hofu ilimshika Ana mpaka kurusha mpira kwa ajili ya sevu kukamsumbua. Januari 2008 alipoteza fainali nyingine, Australia, kwa Maria Sharapova. Fainali mbili amepoteza, ya tatu akashinda, naye ana miaka 20. Mimi nilitoka pale kantini nikachukua raketi ya kuazima na ndoo ya mipira, nikasevu ukutani mpaka giza likaingia.

Kilichofuata kinaumiza kukisimulia. Wiki chache tu baadaye, Wimbledon, raundi ya pili, alikuwa akikaribia kutolewa na Nathalie Dechy wa Ufaransa. Mpira wake uligonga ukanda wa juu wa wavu ukaangukia upande wa pili, akaponea hapo. Akashinda seti ya tatu 10-8. Alikwenda akaubusu wavu. Raundi iliyofuata akatolewa na Zheng Jie wa China, aliyekuwa wa 133 duniani. Kidole gumba cha mkono wa kulia kikamuuma, akajitoa Olimpiki ya Beijing. Kisha US Open, raundi ya pili, akafungwa na Julie Coin wa Ufaransa, wa 188 kwenye orodha. Jumla ya wiki alizokaa namba 1 ni 12. Hakurudi tena pale.

Ule mrusho ulioanza kumsumbua kwenye fainali ya Henin sasa ukawa ugonjwa wa kila mechi. Wengi waliufuatilia kwenye televisheni miaka ya 2009 na 2010: anadundisha mpira, anaurusha, anaudaka. Anaomba radhi. Anaurusha tena, anaudaka tena. Bingwa wa Roland Garros, mkono wa kushoto hautaki kumpeleka mpira mahali ambapo umeupeleka mara laki kadhaa tangu utotoni. US Open ya 2009 alitolewa raundi ya kwanza. Julai 2010 alikuwa wa 65 duniani.

Nilikuwa nikiangalia hayo nikidhani ni mambo ya watu wakubwa wenye presha ya mamilioni. Mwaka 2012 yakanipata mimi, ambaye hakuna aliyekuwa akinilipa kitu.

Ilikuwa fainali ya mashindano ya klabu. Nilikuwa nimeongoza 5-3 seti ya mwisho, nasevu kumaliza mechi. Mpira wa kwanza ulinitoka mkononi ukaenda nyuma ya kichwa. Niliupiga hivyo hivyo kwa kuona aibu kuuacha, ukagonga uzio. Wa pili nikaurusha mbele mno, nikaukimbilia, ukaishia kwenye wavu. Nilipoteza gemu ile, nikapoteza mechi. Hilo ni la kawaida, watu wanapoteza. Shida ilikuwa Jumatatu, mazoezini, hakuna mtazamaji hata mmoja, nikanyanyua mkono na mpira ukaenda nyuma ya kichwa tena.

Nitasema nilivyokosea, kwa sababu baba yule anataka kukosea vilevile. Kwanza nilificha. Nikawa nafika mazoezini na kusema bega linauma, tucheze tu bila sevu. Miezi miwili sikusevu mbele ya mtu. Pili nilimsikiliza kila aliyekuwa na la kusema. Mmoja akaniambia nibadilishe mshiko, mwingine nifunge miguu pamoja, mwingine nikaze nyuzi. Nikafanya vyote ndani ya wiki tatu. Mwisho wake sikujua tena sevu yangu ya zamani ilikuwaje, sikuwa hata na pa kurudia.

Aliyeniokoa ni mzee aliyekuwa akitunza viwanja vya udongo pale klabuni, mtu wa kumwagia maji na kuburuta ufagio. Asubuhi moja nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, kisha akaacha mpira wa maji ukitiririka na kusema, "Weka raketi chini."

Nikaweka.

"Si hapo. Mbele ya mguu wa kushoto, ndani ya uwanja kidogo. Haya. Sasa rusha mpira na usiupige. Uache uanguke wenyewe."

Nilirusha mipira 20. Iliyoangukia kwenye nyuzi za raketi ilikuwa minne. Mingine ilitawanyika, mmoja ulinipiga begani. Mzee alikuja akanishika mkono wa kushoto, akanifungua vidole kimoja kimoja. Kumbe nilikuwa nimeukamata mpira kwa kiganja kizima, kucha zimegeuka nyeupe. Akauweka juu ya ncha za vidole. "Unapandisha glasi ya maji kwenye rafu ya juu," akasema. "Kiwiko hakikunjwi, kifundo hakichezi. Ukifika usawa wa macho unaiachia." Nikarudia mara nyingi kwa mkono mtupu, bila mpira, kabla hajaniruhusu kurusha tena. Siku ile tuliishia kwa mipira tisa kati ya 20. Sikupiga sevu hata moja, na ndiyo siku ya kwanza nililala usingizi wa kutosha baada ya miezi.

Zoezi hilo si siri ya mtu, makocha wa tenisi wanalijua. Ninachotaka mzazi alione ni ukubwa wake. Sevu ina mambo mengi: miguu, magoti, kiuno, bega, kifundo, mshiko. Mzee hakugusa hata kimoja kati ya hivyo. Aliangalia mahali palipovunjika akashughulika napo peke yake, tena bila raketi mkononi. Kama binti yako alikuwa akisevu vizuri mwezi uliopita kwa mshiko ule ule na raketi ile ile, basi mshiko na raketi havijamkosea. Viache. Ukivibadilisha sasa utampa mambo matatu ya kuogopa badala ya moja.

Jingine ni kanuni ambayo watoto wengi hawaijui, na nalaumu sisi walimu. Ukirusha mpira ukaona umekwenda vibaya, unaruhusiwa kuuacha au kuudaka na kuanza upya. Si kosa, mradi hukuuzungushia raketi ukitaka kuupiga. Ivanovic alikuwa akitumia haki yake ya kikanuni kila alipoudaka. Watu walimcheka, naye akaendelea kudaka. Mtoto wa miaka 13 akishaona aibu atapiga kila mrusho mbovu ili asionekane ameudaka, na hapo ndipo zile mara 11 zinapotoka. Nilikuwepo kwenye mechi ya binti yule. Sikumwona akidaka mpira hata mara moja. Namlaumu nani? Mimi, sikuwahi kumfundisha kudaka. Kuanzia wiki hii nitamfundisha kudaka kama ninavyomfundisha kupiga: udake, dundisha mara tatu, pumua, anza upya. Katika mechi za wakubwa kuna sekunde 25 kati ya pointi, na mashindano yetu ya watoto hayana hata saa ya kuhesabu. Muda upo.

Na mrusho mbovu usifichwe. Mimi nilipona haraka zaidi nilipoanza kuwaambia niliocheza nao: jamani, mrusho wangu unanisumbua, mtaniona nikidaka. Wakasema sawa. Basi. Miezi miwili ya kudanganya habari za bega ilimalizwa na sentensi moja.

Kuhusu makocha nitasema kwa uangalifu, kwa kuwa sikuwahi kukaa chumbani kwa Ivanovic na sijui kilichomsukuma. Naweza kutaja yaliyo wazi tu. Baada ya 2008 alifanya kazi na Craig Kardon, kisha Heinz Günthardt aliyewahi kumfundisha Steffi Graf, kisha wengine, kisha Nigel Sears kuanzia 2011 hadi 2013. Wote ni walimu wenye heshima zao. Mimi kama mtu niliyewahi kupokea ushauri wa watu watatu ndani ya wiki tatu, naona mzigo ulikuwa mkubwa: kila mwalimu mpya anakuja na macho yake, na mchezaji anaanza tena kujieleza. Sears alipoondoka, Ana alifanya kazi na Nemanja Kontić, mtu wa kuongea naye kwa lugha ya nyumbani. Mwaka uliofuata, 2014, ndio mwaka wake mzuri kuliko yote tangu alipokuwa bingwa. Sitaki kusema lugha ndiyo ilileta mataji. Nasema mtoto aliyeogopa anahitaji sauti moja, tena ya mtu anayemwelewa bila mkalimani. Baba, chagua. Ukimtaka mwalimu yule mwingine, nitampa kila nilichokiandika kuhusu binti na nitakaa pembeni kwa moyo mweupe. Tusimfundishe wote wawili kwa wakati mmoja.

Sasa kuhusu kurudi, maana najua swali linalofuata ni itachukua muda gani.

Ivanovic alirudi kupitia Linz, mji wa Austria, Oktoba 2010. Alimfunga Patty Schnyder 6-1, 6-2 kwenye fainali. Lilikuwa taji lake la kwanza baada ya miaka miwili, na lile la mwisho kabla ya ukame alilipata Linz hapo hapo, mwaka 2008. Mwezi uliofuata akashinda Bali. Mwaka 2011 akashinda Bali tena. Mwaka 2012 akafika robo fainali ya US Open, ya kwanza kwake kwenye Grand Slam, yaani yale mashindano manne makubwa ya mwaka, tangu aliposhinda Paris. Unaona mwendo wenyewe. Ni miaka, na katikati yake kuna wiki nyingi za kutolewa raundi ya kwanza na kupanda ndege kwenda mji mwingine kujaribu tena.

Ikaja 2014. Auckland alimfunga Venus Williams kwenye fainali. Melbourne, raundi ya nne ya Australian Open, alikutana na Serena Williams aliyekuwa namba 1. Akapoteza seti ya kwanza 4-6, kisha akashinda 6-3, 6-3. Mechi ile nimeirudia mara nyingi kuliko fainali ya Paris. Serena anapokea sevu kuliko mwanamke yeyote niliyemwona, mrusho ukilegea kidogo anakumaliza, na Ana alikuwa akirusha ule ule mpira uliomtesa miaka mitano. Baadaye akaongeza Monterrey, Birmingham na Tokyo, akamaliza mwaka akiwa wa 5 duniani.

Nilikaa siku moja na karatasi nikayahesabu mataji yake yote ya WTA, chama cha tenisi ya wanawake. Yapo 15. Manane aliyapata mpaka mwisho wa 2008. Saba aliyapata baadaye, katika miaka ambayo magazeti yalikuwa yakimwandika kama mtu aliyekwisha. Hakushinda Grand Slam nyingine, na hakufika fainali nyingine. Karibu zaidi alifika 2015, nusu fainali ya Roland Garros, akafungwa na Lucie Safarova 7-5, 7-5. Tarehe 28 Desemba 2016 alitangaza kustaafu, mwili umechoka kwa majeraha, ana miaka 29.

Nayasema haya kwa mzazi kwa sababu moja. Ukimwambia binti yako "utarudi kama zamani", umempa deni ambalo hata bingwa wa dunia hakulilipa lote. Sevu yangu ya leo si ile ya 2012 kabla ya fainali. Ni ya taratibu zaidi, mrusho uko chini kidogo, na siku za upepo wa kusi bado nadaka mpira mara mbili tatu. Nimeshinda nayo mechi, nimefundishia nayo watoto zaidi ya 60. Naipenda kuliko ile ya mwanzo kwa kuwa hii naijua ilivyoundwa, kipande kwa kipande.

Ya nyumbani ni machache. Usimwulize alikosa sevu ngapi, mwulize alidaka mipira mingapi. Usirekodi video ya mechi zijazo mpaka nikuambie. Akitaka kurusha mpira uani, mwache, ila umwekee kitu chini cha kulenga, hata ungo unatosha. Asifanye zaidi ya robo saa. Mkono uliochoka unaanza kubana, na tunachotaka kuuondolea ni kule kubana.

Na akisema hataki kucheza wiki moja au mbili, usimlazimishe, nami sitamlazimisha. Atakuja mwenyewe kuuliza raketi yake iko wapi.

Kama atakuwa tayari, mlete Jumamosi saa 1 asubuhi, kabla upepo wa baharini haujaamka. Aje na raketi yake ile ile ya zamani. Tutaiweka chini, mbele ya mguu wake wa kushoto, ndani ya uwanja kidogo. Mipira 20 inatosha, nitaileta mimi.